Amana na Dhamana ya Afya

Katika lugha ya serikali ya Tanzania kuna msemo ambao masikio yameuzoea hata hausikiki tena: waziri mwenye dhamana ya afya. Husemwa redioni, huandikwa katika hotuba za bajeti, na mazungumzo yakaendelea. Lakini dhamana ni neno zito. Limeingia katika Kiswahili pamoja na mwenzake, amana, kutoka katika fiqhi ya Kiislamu, na wanazuoni walioyatumia maneno hayo mawili waliyatenganisha kwa uangalifu. Aliyewekewa amana hutunza kitu cha mwenziwe kwa manufaa ya mwenziwe. Kikiibiwa au kikiungua pasi na uzembe wake, wala hakuvuka mipaka aliyowekewa, hadaiwi kitu. Mwenye kubeba dhamana hulipa kitu kikipotea, hata kama hakuna kosa linaloonekana mkononi mwake. Katika madhehebu ya Shafii, yaliyoenea pwani hii, aliyeazima chombo amekibeba kwa dhamana, kwa kuwa amekichukua kwa faida yake mwenyewe. Kikipotea katika jambo lisilokuwa matumizi aliyoruhusiwa, atakilipa.

Swali linalozuka ni hili: serikali inaishika afya ya watu wake kwa amana au kwa dhamana? Mtu anaweza kudhani kwamba hili ni suala la darasani. Lakini huko ambako muuguzi hayupo, jibu lake ndilo linaloamua kama kuna mtu wa kuulizwa au hakuna.

Wilaya za Karagwe na Kyerwa ni mahali pazuri pa kulipimia swali hilo. Ziko kaskazini-magharibi kabisa mwa nchi, mkoani Kagera, na Mto Kagera unazitenga na Rwanda na Uganda. Si nchi ngeni kwa watu wa visiwani, kwani katika karne ya 19 wafanyabiashara wa pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, karibu na Bweranyange, makao ya wafalme wa Karagwe. Hadi mwaka 2012 zilikuwa wilaya moja. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 332,020 katika Karagwe na 321,026 katika Kyerwa. Mpaka ulipochorwa, watu waligawanyika takriban nusu kwa nusu, lakini hospitali haigawanyiki. Nyakahanga, hospitali ya Dayosisi ya Karagwe ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri iliyokuwa hospitali teule ya wilaya, ilibaki upande wa Karagwe. Kyerwa ilianza maisha yake ya utawala ikiegemea zahanati, vituo vya afya na hospitali ya Kanisa Katoliki ya Isingiro. Hospitali teule ni mali ya kanisa inayofanya kazi ya umma kwa mapatano na serikali, ambayo huchangia mishahara na ruzuku. Mapatano ya namna hii yameokoa maisha ya watu wengi, na hapana insafu katika kuyabeza. Hata hivyo yana tatizo lake la kimaadili: panapotokea upungufu, mwenye nyumba na mwenye mkataba wote wawili wana haki ya kusema kwamba sehemu yake ameitimiza.

Mwaka 2007 serikali ilizindua Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, maarufu kwa jina la MMAM, ulioahidi zahanati katika kila kijiji na kituo cha afya katika kila kata. Wanavijiji nchi nzima walisomba mawe, wakachoma matofali, wakachanga fedha. Maboma yakainuka, na baadhi yakakaa miaka bila ya kuezekwa. Kuanzia mwaka wa fedha 2018/2019 zikafuata hospitali 67 za halmashauri, kila moja ikitengewa shilingi bilioni 1.5 za kuanzia. Tozo ya miamala ya simu ilipoanza Julai 2021, wananchi walielezwa kwamba sehemu ya makato yao itajenga vituo vya afya. Kwa kuta, basi, serikali inayo mengi ya kuonyesha. Ukuta hupigwa picha, huzinduliwa, na mkaguzi huweza kuugusa.

Muuguzi ni habari nyingine. Ikama iliyotolewa na Wizara ya Afya mwaka 2014 ilitaka zahanati iwe na watumishi wasiopungua 15. Zahanati nyingi za vijijini zimeendeshwa na watu wawili au watatu, na kwa miaka mingi takwimu za serikali yenyewe zimeonyesha kwamba karibu nusu ya nafasi za ikama ya afya nchini ziko wazi. Mikoa ya pembezoni, Kagera ikiwa miongoni mwao, hubeba sehemu kubwa ya upungufu huo kuliko miji mikubwa.

Hapo ndipo wajibu unapoanza kuyeyuka. Mama aliyefika na mtoto mwenye homa akakuta mlango umefungwa humlaumu muuguzi, ilhali muuguzi huyo mmoja amekwenda kufuata chanjo au kusindikiza mzazi. Muuguzi humtaja mganga mkuu wa wilaya. Mganga mkuu hueleza, na kweli ndivyo ilivyo, kwamba halmashauri haiwezi kumwajiri muuguzi kwa uamuzi wake. Kibali hutoka ofisi ya Utumishi, fedha za mshahara hutoka Hazina, na kupangiwa kituo hutoka TAMISEMI. Hazina nayo itasema kwamba makusanyo hayakutosha. Kila mmoja katika mlolongo huu anajibu kama mwenye amana: nilikitunza nilichopewa, kilichokosekana hakikuwa mkononi mwangu. Na huenda kila mmoja anasema kweli. Kosa halimo katika jibu la yeyote kati yao. Limo katika kuruhusu majibu ya amana yawe majibu ya mwisho ya dola iliyojivika cheo cha dhamana.

Ibara ya 8 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inaagiza kwamba serikali itawajibika kwa wananchi. Kitenzi hiki nacho kimepata msiba wake. Katika siasa za Tanzania, kuwajibika kumekuwa na maana ya kujiuzulu. Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani katika miaka ya 1970 kwa sababu ya raia waliokufa mikononi mwa vyombo vilivyo chini ya wizara yake, ingawa yeye hakumgusa mtu, na hadi leo hutajwa kuwa mfano. Huo ulikuwa ufahamu wa dhamana kwa ukamilifu wake. Lakini kujiuzulu hufaa palipotokea tukio. Nafasi iliyo wazi si tukio. Haina siku iliyotokea, haina shahidi wala mtuhumiwa. Hakuna waziri aliyewahi kuondoka madarakani kwa sababu ya wauguzi ambao hawakuajiriwa.

Ukaguzi wa fedha una upofu unaofanana na huo. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu huwasilisha ripoti yake kila mwaka, na ripoti hizo zimefichua mengi. Mei 2012 Rais Kikwete alilazimika kulipanga upya Baraza la Mawaziri baada ya mjadala mkali bungeni juu yake. Mkaguzi hutaja pia upungufu wa watumishi. Lakini zana yake kuu ni stakabadhi: shilingi iliyotoka ilikwenda wapi? Mshahara wa muuguzi ambaye hakuajiriwa haukutoka, kwa hiyo hauna stakabadhi na hauna hoja. Katika daftari unaonekana kama akiba. Gharama yake hulipwa na mtu anayepanda pikipiki kwa fedha ya kukopa kutoka kijijini hadi kituo kingine, na daftari la mtu huyo hakuna anayelikagua.

Mwaka 2016 na 2017 nchi iliona upande wa pili wa jambo hili. Serikali ya Rais Magufuli iliwasaka watumishi hewa, majina yaliyolipwa bila ya watu, na Aprili 2017 ilitangaza orodha ya watumishi 9,932 waliotuhumiwa kwa vyeti vya kughushi. Kuisafisha orodha ya mishahara ni haki, kwani anayetibu watu kwa cheti cha uongo amewahadaa walio dhaifu. Lakini hisabu ya haki haikukamilika siku ile. Sekta ya afya ilikuwa miongoni mwa zilizopoteza watu, na ajira mpya zilikuwa zimesimamishwa tangu katikati ya mwaka 2016. Jina hewa liliondolewa kwa siku moja. Nafasi iliyoachwa ilisubiri miaka. Dola ilionyesha kwamba inaweza kuwa na haraka inapodai haki yake, na kwamba haraka hiyo haipo inapodaiwa.

Mtetezi wa serikali atauliza: je, yaadilika kumdai mtu asichokiweza? Wanazuoni wameshasema kwamba mja hakalifishwi ila kwa kadiri ya uwezo wake, na nchi maskini haiwezi kuzaa madaktari kwa amri. Hoja hii ina nguvu na yastahiki jibu la haki. Uhaba wenyewe huenda haumo katika uwezo wa waziri yeyote. Mgawanyo wa uhaba umo. Ikiwa wauguzi ni nusu ya wanaohitajika, mtu fulani katika ofisi fulani ameamua kwamba mji utapata wengi na Kyerwa itapata wachache, au ameacha mambo yajiamue. Kadhalika imo katika uwezo wao nyumba ya mtumishi, posho ya mazingira magumu na malimbikizo yanayolipwa au kutolipwa, mambo yanayomfanya kijana aliyepangiwa Murongo abaki au aombe uhamisho. Viongozi wa nchi za Afrika walipokutana Abuja Aprili 2001 waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Tanzania imeendelea kubaki chini ya kiwango hicho, na ahadi ile hakuna aliyewalazimisha kuitoa.

Kuna jibu la pili, nalo limeletwa na miaka ya karibuni. Kwa muda mrefu sehemu kubwa ya huduma za UKIMWI, maradhi ambayo wagonjwa wake wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, imegharimiwa na Marekani, pamoja na ujira wa wahudumu wengi. Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alitia saini amri ya kusitisha misaada ya nje kwa siku 90. Siku hiyo hiyo Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza mlipuko wa virusi vya Marburg katika Wilaya ya Biharamulo, mkoani Kagera. Watu 10 walihesabiwa kuwa wameugua, na wote 10 walifariki. Mlipuko wa kwanza, wa mwaka 2023 katika Bukoba Vijijini, ulikuwa umeua watu sita, mmoja wao mhudumu wa afya. Aliyeazima chombo, walisema mafakihi, kimo katika dhamana yake. Serikali iliyoazima mishahara kutoka kwa mgeni haiwezi kusema, mgeni anapoondoka, kwamba hasara ni ya mgonjwa.

Basi kinachodaiwa si kikubwa mno. Taratibu zinataka mapato na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kijiji. Ubao huo huo, mlangoni mwa zahanati, waweza kubeba mistari mitatu zaidi: watumishi wanaotakiwa na ikama, watumishi waliopo, na ofisi ambayo kisheria inapaswa kuijaza kila nafasi iliyo wazi, pamoja na tarehe iliyoombwa. Haitaleta muuguzi kesho. Itaondoa dhulma moja, ile ya kumbebesha muuguzi aliyepo lawama ya wale wasiokuwepo. Itawapa madiwani wa Kayanga na Rubwera jina la kumuuliza mbunge wao, na mbunge jina la kumuuliza waziri. Mwenye amana hujibu kwa alichokifanya. Mwenye dhamana sharti ajibu pia kwa kilichokosekana, na kwa hilo kwanza lazima kilichokosekana kiandikwe.

Afya si jambo la Muungano. Unguja na Pemba zina wizara yake na bajeti yake. Lakini mzazi wa Micheweni na mzazi wa Nkwenda wanaligonga lango la aina moja, na msemo wa mwenye dhamana unatamkwa pande zote mbili za bahari. Wapo watakaosema kwamba ni neno tu, na kwamba waliolizoea hawakukusudia uzito wake wa kale. Huenda. Hata hivyo sheria za mkopo hazimuulizi mdaiwa kama alikuwa akifikiri sana alipotia saini.