Msichana Mdogo Katika Nyumba ya Naamani

Somo: 2 Wafalme 5:1-14



Jioni moja tulikuwa katika ibada ya nyumbani. Ikafika zamu ya mtoto wetu wa miaka 9. Akamwombea bibi yake aliyebaki nyumbani, akaomba mvua isibomoe nyumba yetu, kisha akasema, "Na wale watu waliotufukuza, Mungu uwasaidie nao." Ndugu zake wakaitika Amina. Mimi mchungaji wenu nikashindwa kuitika. Usiku ule nilirudi kusoma habari za msichana mmoja aliyeondolewa kwao kwa nguvu kama sisi.

Majeshi ya Shamu yalivamia Israeli yakamchukua mateka. Jina lake halikuandikwa, wala hatuambiwi wazazi wake walipatwa na nini. Akawa mtumishi wa mke wa Naamani, jemadari wa jeshi lile lile. Naamani alikuwa na ukoma, na mtoto huyu akamwambia bibi yake kwamba yuko nabii Samaria awezaye kumponya. Tujifunze kwake mambo matatu.

1. Hakumwacha Mungu mpakani. Wengi wetu husema, "Kule nyumbani nilikuwa shemasi, nilikuwa mwimbaji, hapa nasubiri tu kurudi." Msichana huyu alimshuhudia Mungu wa Israeli akiwa utumwani, katika nyumba ya mgeni.

2. Aliamini jambo ambalo hakuwahi kuliona. Katika Luka 4:27 Bwana Yesu asema kwamba wakati wa Elisha wakoma walikuwa wengi Israeli, wala hakutakaswa hata mmoja ila Naamani. Kwa hiyo mtoto huyu hakuwa na ushuhuda wa mkoma yeyote aliyepona. Lakini mfalme wa Israeli, aliyeishi nchi moja na nabii, aliposoma barua alirarua mavazi yake kwa hofu (mst. 7). Naye Naamani alikasirika, akiona mito ya Dameski ni bora kuliko Yordani.

3. Alimtakia mema mtu aliyemkosea. Angeweza kunyamaza tu, na ukoma ungemlipizia kisasi. Yeye akasema.

Wapendwa, sisemi kwamba tuliyotendewa hayakuwa maovu, wala kwamba haki isitafutwe. Biblia yenyewe haikuficha kwamba mtoto huyu alitekwa. Wala sisemi watoto wetu hawana majeraha. Tunawasikia wakilia usiku katika ndoto. Tena Yesu hakutuagiza tuwe na akili za kitoto. Paulo atufundisha katika 1 Wakorintho 14:20 kwamba katika uovu ndipo tuwe kama watoto wachanga, bali katika akili tuwe watu wazima.

Angalieni mwisho wa habari. Naamani alipojishusha na kujichovya mara 7, mwili wake ukawa kama wa mtoto mdogo (mst. 14). Jemadari alifanana na yule msichana wake! Ndilo jambo Bwana alilowaambia wanafunzi katika Mathayo 18:3, kwamba tusipogeuka na kuwa kama watoto, hatutauingia Ufalme.

Wazazi, wiki hii mpeni mtoto zamu ya kuomba, nanyi msimsahihishe maneno. Tena tuchunge ndimi zetu jioni tunapokaa kando ya moto. Mtoto hazaliwi akichukia kabila la mtu, hujifunza kwetu. Tukimfundisha chuki, tutamnyang'anya imani ambayo hata vita havikumnyang'anya.

Jioni ya tatu mtoto wangu aliomba maneno yale yale. Niliitika Amina, kwa sauti ndogo. Niombeeni iwe kubwa, nami nitawaombea ninyi.

Bwana awabariki.

Ndugu yenu katika Kristo,
Mchungaji