Mtama Ukishalowekwa

Misigiri, mkoani Singida, pale barabara ya Kiomboi inapoachana na lami ya kwenda Shelui na Nzega, malori hupita na kreti za bia ya kiwandani. Uani, nyuma ya nyumba zinazoitazama lami, mtama umeanikwa. Si wa ugali huo. Ulilowekwa, ukafunikwa mpaka ukatoa vimizizi vyeupe, na sasa jua linaukatisha. Hicho ndicho kimea.

Kimea kinanifikirisha kuliko pombe yenyewe. Mbegu imeaminishwa kwamba mvua imefika. Imeamka, imetengeneza vimeng'enya vya kugeuza wanga kuwa sukari ya kulisha mche, halafu mpishi anaizuia isiende mbali, kazi yake aifaidi mwingine. Mwingereza anayepika bia nyeusi nyumbani hutumia shayiri iliyofanyiwa hivyo hivyo, ila kimea kidogo huwa kimekaangwa mpaka kikawa cheusi kama makaa. London ya karne ya 18 bia ya rangi nzito iliitwa porter, kwa kuwa wapenzi wake walikuwa wachukuzi wa mizigo. Mwaka 1817 Daniel Wheeler akapata hataza ya pipa la kukaangia kimea. Busaa ya magharibi mwa Kenya nayo hupitia motoni: unga wa mahindi uliochachuka hukaangwa juu ya bati hadi unukie.

Lakini bia ile ya Kiingereza hutiwa maua ya hopsi, isiharibike upesi. Ikishafungwa chupani inaweza kumngoja mnywaji ambaye mpishi hatamjua kamwe. Pombe ya mtama haimngoji mtu. Leo ina utamu, kesho imekuwa kali, siku chache baadaye ni siki. Kwa hiyo anayeinjika sufuria ameshawaza watu: waliomsaidia kupalilia, wakwe walio njiani, wateja wa kilabuni. Kinywaji kisichowekeka hakimfai mchoyo, na kwangu hiyo ndiyo sehemu kubwa ya maana yake.

Nisiipambe, hata hivyo. Walevi tunawajua, na wanaolala njaa kwa sababu yao pia. Singida ni kukavu. Mvua ikigoma, viongozi hukataza nafaka kupikiwa pombe, na wana hoja, maana debe lililolowekwa halirudi ghalani. (Uingereza nako, hadi 1963, kupika bia nyumbani kulihitaji leseni, huko serikali iliwaza kodi.) Mama anayelipa ada ya shule kwa pombe hiyo naye ana hoja, tena nzito, na katazo halimwambii ada itatoka wapi.

Uamuzi, kwa maoni yangu, hufanyika mtama unapotiwa maji. Asiye na chakula cha kumfikisha mavuno asiloweke, hata akisihiwa na ukoo mzima. Mwenye akiba aloweke, apike, aite watu, na machicha awamwagie kuku.