Mwenye Shibe Akiingia Barabarani



Katika kipindi cha mjadala hapa Kigali, mwanafunzi mmoja alituuliza swali ambalo siku ile hatukuweza kulijibu. Darasa lilikuwa likizungumza juu ya maandamano ya vijana wa Nairobi ya mwezi Juni 2024, waliopinga kodi mpya katika Mswada wa Fedha. Wengi waliwasifu. Yeye akasimama akasema: "Mwalimu, watu wale wana simu za mkononi, wana viatu vizuri, na wengi wamefika chuo kikuu. Mwenye shibe ana haki gani ya kulia njaa?"

Kengele ililia kabla hatujapata la kusema, nasi tukashukuru. Lakini swali lilitufuata mpaka nyumbani. Wahenga wametuachia methali isemayo kwamba aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Ikiwa ndivyo, basi mtu wa tabaka la kati, yaani mwenye elimu na mshahara wa mwezi, aingiapo barabarani kuipinga serikali kwa sababu ya bei na kodi, hulia kilio cha uongo. Katika makala haya twakusudia kulichunguza jambo hilo.

Kwa kuwa sisi ni watu wa lugha, yafaa tuanze na neno lenyewe. Maandamano yatokana na kitenzi andama, maana yake kufuata. Na andamana ni kufuatana, kwenda pamoja. Neno halitaji kelele wala mabango. Lataja watu na wenzao. Kwa hiyo, kabla ya kumwuliza mwandamanaji amekula nini, ni haki tumwulize anakwenda na nani.

Wako wasemao kwamba mwenye njaa peke yake ndiye mwenye haki ya kulalamika. Hoja hii yavutia, lakini ina kasoro. Mwuza nyanya akikosa kwenda sokoni siku moja, watoto wake hulala bila chakula usiku ule ule. Mwenye mshahara akikosa siku moja, huenda mshahara wake ukamngoja mwisho wa mwezi. Tena mswada wa kodi huandikwa kwa lugha ya sheria na hesabu, na si kila mtu amepata nafasi ya kujifunza kuisoma. Tukimnyamazisha aliyeshiba kwa sababu ameshiba, na mwenye njaa hana wasaa wa kusema, nani atasema?

Hata hivyo, hatari ipo. Awezaye kusema kwa niaba ya wengine aweza pia kujisemea mwenyewe kwa jina la wengine. Historia ya Afrika Mashariki yatupa mifano miwili ya kupima jambo hili.

Mfano wa kwanza ni wa Dar es Salaam. Mwaka 1966 serikali ya Tanzania ilitaka wahitimu wa vyuo waingie Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, na kwa sehemu kubwa ya muda huo wapokee asilimia 40 tu ya mshahara wa kazi zao. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi wa Chuo Kikuu walikwenda Ikulu kwa maandamano, wengine wamevaa majoho yao ya kitaaluma. Bango mojawapo lilidai kwamba enzi ya ukoloni ilikuwa afadhali. Rais Julius Nyerere alikasirika, akawarudisha makwao karibu wanafunzi 400. Nchi ya wakulima ilikuwa imewasomesha, nao walipoombwa kurudisha sehemu ya walichopewa, walikumbuka mishahara yao tu.

Lakini kisa hakiishii hapo. Wanafunzi wale walikuwa wamesema pia kwamba viongozi wanaohimiza wengine wajinyime walikuwa wakipokea mishahara mikubwa. Nyerere alikiri kwamba katika hilo walisema kweli, naye akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likatangazwa Azimio la Arusha, ambalo liliwawekea viongozi masharti ya maisha yao.

Kisa hiki chatufundisha kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya: ukweli wa hoja na nia ya mwenye hoja. Mtu aweza kusema kweli kwa sababu ya tamaa yake, na kweli ile ikabaki kweli. Mtawala mwenye busara hasemi, "Ninyi ni wachoyo, kwa hiyo mwasema uongo." Huipokea kweli, kisha huanza na mfuko wake kabla ya mifuko ya watu.

Mfano wa pili ni huo wa Nairobi. Mswada wa mwaka 2024 ulikuwa na mapendekezo ya kutoza mkate kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, na magari kodi ya kila mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani yake. Tarehe 18 Juni ilitangazwa kwamba kodi hizo mbili zingeondolewa. Hapa ndipo penye kiini. Kama shida ilikuwa gari tu, wenye magari wangerudi nyumbani siku ile. Hawakurudi wote. Waandamanaji walitoka tena tarehe 20 na tarehe 25, wakitaka mswada mzima ukataliwe. Tarehe 25 baadhi yao waliingia katika majengo ya Bunge, na risasi zikapigwa. Tarehe 26 Rais William Ruto akatangaza kwamba hataweka saini. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya, katika taarifa yake ya tarehe 1 Julai, ilihesabu watu 39 waliokufa. Aidha, wako wenye maduka walioporwa mali yao katika vurugu zile, nao hawakuwa na kosa lolote.

Hatutaki kuwafanya waandamanaji wale kuwa malaika. Sisi wa Rwanda tunajua, kwa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, kwamba watu wengi waweza kukusanywa barabarani na kufanywa silaha dhidi ya jirani zao. Wingi wa watu haujawahi kuwa hoja. Ndiyo maana twahitaji kipimo kingine.

Kipimo chenyewe twakiona hivi. Kila mwananchi, mwenye shibe au mwenye njaa, ana haki ya kulalamikia mzigo uliowekwa juu ya kichwa chake. Hiyo ni haki yake, wala haihitaji ruhusa ya umaskini. Lakini haki ya kusema kwa jina la wengine haipatikani kwa elimu wala kwa sauti kubwa. Hupatikana siku ile mwiba wako unapotolewa, nawe ukaendelea kutembea na mwenzako anayechechemea.

Na sisi walimu, tu wapi? Mwezi Agosti 2022 serikali ya Rwanda ilipandisha mishahara ya walimu: kwa asilimia 88 wale wa shule za msingi wenye cheti cha ualimu, na kwa asilimia 40 wenye stashahada au shahada. Tulishangilia, na tulikuwa na sababu. Kwa miaka mingi tulikuwa tumesema katika vyumba vya walimu kwamba shule haiwezi kusimama ikiwa wanaoihudumia hawawezi kuishi. Wanaoihudumia! Tulitumia neno pana. Lakini baada ya kupata nyongeza yetu, ni wangapi kati yetu waliokwenda kumwuliza mpishi wa shule, au mlinzi anayetufungulia lango alfajiri, yeye analipwa kiasi gani? Sisi tunaoandika haya hatukwenda. Mwiba wetu ulitoka, tukaenda zetu.

Basi mwanafunzi wetu tutamjibu hivi: mwenye shibe ana haki ya kulia, na kilio chake kisikilizwe kwa ukweli uliomo. Lakini asiseme kwamba analia njaa ya mwenzake mpaka tumwone baada ya yeye mwenyewe kushiba tena. Akituuliza kama sisi tumekwisha kupita mtihani huo, hatuna budi kumwambia kweli. Kisha, kabla ya kipindi kijacho, twende jikoni tukamwulize mpishi.