Mwenye Kufungana Mkojo na Swala Yake

Wako wazee wenye saratani ya tezi dume, maradhi yamewaenea hata mifupani, mkojo umewafunga, nao waambiwapo watiwe mpira hukataa. Si kwa kuogopa uchungu. Husema: "Nitasimamaje mbele ya Mola wangu na mfuko wa najisi ubavuni?"

Neno hili latoka katika moyo wenye kicho, lakini elimu haimo. Mkojo uzuiliwapo, kibofu hujaa kikavimba, kisha maji hurudi nyuma yakayaelemea mafigo. Mafigo yakishindwa, taka za mwili husalia damuni. Mtu hutapika, husinzia, hata akili zikampotea. Naye aliyepotewa na akili ataswali vipi? Basi mwenye kuukimbia mpira kwa ajili ya swala huenda akaikosa swala yenyewe.

Fatima binti Abi Hubaish alimwendea Mtume, swalla Llahu alaihi wa sallam, akishitakia damu isiyokatika. Aliamrishwa aache swala siku za hedhi yake tu, kisha aoge na kuswali. Juu ya asili hiyo wanavyuoni walijenga hukumu ya mwenye kutokwa na mkojo daima: ajisafishe, atawadhe baada ya wakati kuingia, aswali pasi na kukawia, na kila fardhi kwa udhu wake. Mfuko na umwagwe kwanza. Usiovulika bila ya madhara ni dharura. Na Imran bin Huswain, aliyekuwa na bawasiri, alielekezwa aswali wima, asipoweza aketi, asipoweza alale ubavu.

Ama pale uvimbe ubanapo mirija ishukayo kutoka mafigoni, kama iwapatavyo pia wanawake wenye saratani ya shingo ya uzazi, mpira wa kibofu haufai kitu. Hutiwa kijirija ndani, nacho hubadilishwa kila baada ya miezi kadhaa. Au figo hutobolewa kwa mgongoni, njia aliyoieleza Goodwin na wenziwe huko Marekani mwaka 1955.

Hapa pana shauri kubwa. Kuondoa mkojo uliojaa kibofuni ni kumwondolea mtu adhabu, wala sioni sababu ya kusita. Lakini kutoboa figo hakuponyi saratani. Mrija huziba, huingia uchafu, na mgonjwa aliyebakisha siku chache huenda akazimaliza hospitalini. Kujitibu kwa wanavyuoni wengi ni sunna, si faradhi. Basi mgonjwa na aulizwe yeye kwanza, angali na akili zake, kabla ya wanawe kushauriana barazani.