Wote Kumi Walisinzia

Mfano wa wanawali kumi, ulioko katika sura ya 25 ya Injili ya Mathayo, huhubiriwa makanisani mwetu karibu kila mwisho wa mwaka, na mara nyingi mhubiri hutugawa makundi mawili: waliokesha na waliolala. Nimeusoma tena juma hili. Bwana arusi alipokawia, usingizi uliwachukua wote kumi. Wapumbavu walilala, na wenye busara nao walilala. Mwito wa usiku wa manane uliwakuta wote macho yamefumba, na tofauti yao ikaonekana kwenye mafuta tu. Hata hivyo Yesu anamaliza mfano huo kwa kuwaagiza wanafunzi wake wakeshe.

Basi kukesha anakokutaka Bwana ni kitu kingine, si kushindana na usingizi. Nalisema hili nikiwa mtu aliyelelewa katika mikesha. Naijua ile saa ya tisa usiku, kinanda kimeanza kulegea, watoto wamelazwa juu ya mikeka nyuma ya madhabahu wamefunikwa kanga, akina mama wanapitisha chai ya rangi na mkate, na mwinjilisti ambaye sauti imemkauka bado anasema Bwana asifiwe na watu wanaitika. Usiku kama huo umewaponya watu wengi, na sitathubutu kuudharau. Ila nimeona pia kinachotokea alfajiri. Nimemwona mtu aliyeomba kwa machozi usiku kucha akitoka getini na kumpita ndugu yake wa tumbo moja bila salamu, kwa sababu ya kiwanja alichokiacha baba yao. Mwili ulikesha, ila kuna mahali ndani pake palipolala siku nyingi, na mkesha haukupagusa.

Ndiyo maana namtazama sana Petro. Usiku wa Gethsemane alilala, tena baada ya kuombwa akeshe, na saa chache baadaye, akiota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu, akamkana Bwana wake mara tatu. Baadaye, huko Galilaya, walipotoka kuvua usiku mzima, walikuta ufukweni Bwana mfufuka amewasha moto. Yohana anataja tena makaa. Juu yake kuna samaki, na mkate upo. Petro, mwenye harufu ya moshi wa ule moto wa kwanza bado moyoni, anaketi karibu na moto wa pili, anapewa samaki, anakula. Baada ya kula ndipo anaulizwa kama anampenda Bwana, mara tatu, na mara tatu anakabidhiwa kondoo wa kuchunga. Hakuulizwa kwa nini alilala. Hakuambiwa athibitishe kwanza kwamba hatalala tena. Chakula kilitangulia, swali likafuata, kazi ikaja mwisho.

Waraka wa kwanza unaobeba jina la Petro, katika sura ya tano, unawahimiza waumini wawe na kiasi na wakeshe kwa sababu adui anazunguka akitafuta mawindo. Kila nikiusoma najiuliza nani mwingine angekuwa na haki ya kuandika maneno hayo. Anayeandika ni mtu aliyelala usiku ambao haukupaswa kulaliwa, akaamshwa kwa kusamehewa. Neema ilimfundisha kukesha. Tumezoea kuipanga kinyume: sisi tukeshe, tukishindwa ndipo neema ije kutufuta machozi. Kwa Petro neema ndiyo iliyoyafungua macho, tena ndiyo iliyoyaweka wazi.

Kanisa la Afrika Mashariki linalijua jambo hili kwa historia yake lenyewe, ingawa vijana wetu wengi hawajasimuliwa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mashariki mwa Rwanda palikuwa na njaa kali ambayo Wanyarwanda waliiita Rwakayihura. Kwenye kilima cha Gahini, juu ya ziwa Muhazi, daktari mmishenari Mwingereza, Joe Church, alihudumia hospitali ya misheni katikati ya vifo mpaka akaishiwa nguvu za mwili na za roho. Mwaka 1929 akaenda Kampala kupumzika. Huko, kwenye kilima cha Namirembe, alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa na njaa ileile ya rohoni. Wakasoma Biblia pamoja, wakaomba pamoja, Mzungu na Mwafrika, katika zama ambazo kuketi hivyo sawa kwa sawa lilikuwa jambo la nadra. Daktari alirudi Gahini mtu mwingine. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, naye alikwenda Gahini kufundisha na kuhubiri, na wito wake mkuu ulikuwa neno moja la Kiganda, Zukuka, yaani amka. Kigozi alifariki Januari 1936, akiwa ndiyo kwanza amefika Uganda kuuliza mbele ya viongozi wa kanisa kwa nini kanisa limepoa. Kufa kwake hakukulizima neno lile. Kufikia mwisho wa muongo ule mwamko huo, ulioitwa Uamsho, ulikuwa umevuka mipaka, umeingia Kenya na magharibi ya Tanganyika.

Watu wa Uamsho waliwatambuaje walioamka? Hapa ndipo ninapoomba tukae kidogo. Hawakuwatambua kwa sauti wala kwa ndoto, ingawa kelele na ndoto zilikuwapo. Waliwatambua kwa vitu vilivyorudishwa. Mtu aliokoka Jumapili, na Jumatatu akafika kwa jirani na jembe lililopotea zamani, au na mbuzi, au kwenye ofisi ya misheni na shuka za hospitali alizokuwa amezibeba kidogo kidogo. Wengine walikwenda kulipa kodi waliyoikwepa. Mume alimkalisha mkewe akamwambia aliyokuwa akiyaficha. Kwenye ushirika wao wa kila juma waliita hilo kutembea nuruni: dhambi ya juma hili inasemwa juma hili, mbele ya ndugu, na ndugu wanaimba wimbo wao wa Kiganda wa Tukutendereza, kwa kuwa msamaha umepatikana. Kuungama kwa namna hiyo hakuwezekani kwa mtu anayeogopa kutupwa. Kulihitaji watu waliokwisha kuamini kwamba damu ya Yesu inatosha, ndipo midomo ikafunguka.

Tunda mojawapo la Uamsho huo lilikuwa Festo Kivengere, kijana wa Kigezi aliyekuja baadaye kufundisha Dodoma na hatimaye akawa askofu. Alipookoka alikuwa na uchungu na mmishenari mmoja Mzungu. Roho hakumwacha apumzike, akapanda baiskeli, akasafiri njia ndefu kwenda kumwambia mtu yule kwamba alikuwa akimchukia na kwamba sasa ni ndugu yake. Hadithi hii aliisimulia maisha yake yote. Kinachonigusa zaidi ni kilichompata baada ya zaidi ya miaka 30 ya wokovu. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin, na Kivengere na mkewe wakakimbia usiku kwa miguu kupitia milimani hadi Rwanda. Ijumaa Kuu ya mwaka ule, akiwa ibadani London, aligundua kuwa chuki dhidi ya Amin ilikuwa imemkaa kifuani na inamla. Mhubiri wa upendo tangu ujana, askofu, mkimbizi mwenye kila sababu ya hasira, aliketi pale akisikiliza jinsi Yesu alivyowaombea waliompigilia misumari, akaona hana budi kumsamehe Amin. Kitabu alichokitoa mwaka uleule alikipa jina linalotangaza kwamba anampenda Idi Amin. Wapo waliokwazika, nami nawaelewa, maana damu ilikuwa mbichi. Lakini hivyo ndivyo mtu aliyeamka anavyofanana: anaamshwa tena.

Uamsho huo nao ulipata usingizi, na usingizi huo ulikuja kwa milango miwili.

Mlango wa kwanza ni ule wa kuwakagua wenzako. Katika miaka ya 1970 ndani ya Uamsho wa Uganda lilitokea kundi la Abazukufu, walioamka upya, ambao waliona ndugu zao wa zamani wamelala. Walikuwa na hoja, maana kulikuwa na kupoa. Lakini mambo kama mavazi na mikopo yakawa vipimo vya nani yuko macho, na watu waliokuwa wakikumbatiana kwenye ushirika wakaacha kushirikiana. Nimeishi jirani na roho hiyo katika makanisa yetu. Binti anatazamwa nywele zake kabla ya kuulizwa jina, na mzee anayeuguliwa anaulizwa imani yake imepungukia wapi. Anayekesha kwa hofu huishia kuwa mlinzi wa wenzake, na usingizi wake mwenyewe hauoni tena. Neema ikitoka kwenye kukesha, kinachobaki ni uchovu na hukumu.

Mlango wa pili ni mpana zaidi, na kuusema kunaniumiza. Rwanda, nchi ya Gahini, ilijaa makanisa na wabatizwa. Mwaka 1994, ndani ya siku 100 hivi, watu wapatao 800,000 waliuawa humo, wengi wao Watutsi, na wauaji wengi walikuwa Wakristo waliokuwa wakiketi benchi moja na waliowaua. Watu walikimbilia makanisani wakidhani ni salama, wakauawa mle mle. Baadhi ya viongozi wa makanisa walikuwa wamesogea karibu mno na watawala, wasiweze kusema neno. Wapo waliokataa kutengwa na ndugu zao, wakafa pamoja nao, kama vile Wakristo wa Uamsho wa Kikuyu walivyokataa kiapo cha Mau Mau miaka ya 1950, na wengine wakakataa pia bunduki za serikali, wakasema hawatamwaga damu ya mtu. Hao walikuwa macho. Ila ukabila ulikuwa umelala kanisani miongo mingi bila kuguswa. Neema ilihubiriwa kama tikiti ya mbinguni, na jirani hakuwamo ndani yake. Paulo anamwandikia Tito kwamba neema ya Mungu hutufundisha kuukataa uovu na kuishi kwa haki katika ulimwengu huu. Neema isiyotufundisha hivyo imeachwa njiani, na jina lake ndilo tunalolibeba.

Nayatazama makanisa yetu leo, hapa Tanzania na kwa majirani, na sioni upungufu wa mikesha. Viwanja vinajaa, matangazo ya maombi ya kufunga yapo kila nguzo ya umeme. Ninachokikosa ni habari za jembe lililorudishwa. Tunasikia ushuhuda wa gari, wa viza, wa kazi, na ni halali kumshukuru Mungu kwa hayo. Ni lini mara ya mwisho tulisikia mtu akisimama kusema amerudisha fedha za kikundi alizozila, au amemwendea mfanyakazi wa ndani akamlipa mshahara aliomdhulumu? Mtu akisema hivyo leo tutamhurumia, huenda tukamshauri asijidhalilishe. Wazee wa Gahini wangeimba.

Najua kuna anayesoma hapa amechoka. Amefunga, amekesha, na bado anajiona amepoa, na kila mahubiri ya kukesha yanamwongezea mzigo. Mpendwa, usianze na kujilazimisha. Bwana aliyemkuta Petro ufukweni hakumtaka ajichangamshe kwanza. Soma sura ya 21 ya Yohana polepole, uketi, ule kilichoandaliwa. Meza ya Bwana kanisani kwako ipo kwa ajili hiyo, kwa waliolala hasa.

Na ukishakula, fanya jambo moja kabla ya mkesha ujao. Umeshamjua mtu ninayemsema, maana jina lake lilikujia ulipofika kwenye habari ya kile kiwanja. Mpigie simu leo. Ukimkuta, mwombe msamaha kwa sehemu yako bila kuitaja yake, na kama kuna kitu chake mkononi mwako, mpelekee mwenyewe.