Kumpeleka Mtoto na Kumrejesha

Mtoto aliyeungua moto au aliyejeruhiwa vitani, na kwao hapana tabibu wa kumponya: je, yafaa atolewe mikononi mwa mamake, apelekwe nchi ambayo hata lugha yake haijui?

Wako wasemao: "Fedha za kumpeleka mmoja zingewatibu wengi kwao." Neno hili lina haki yake, bali alisemaye na ajitazame kwanza. Mara nyingi huyo mmoja hakumchangia, wala hao wengi hakuwapa kitu.

Katika mji wa Oberhausen, Ujerumani, pana jumuiya iitwayo Friedensdorf, iliyoanzishwa mwaka 1967. Imewachukua watoto wa Angola, Afghanistan na kwingineko, wakatibiwa bure. Lakini ina masharti: mtoto awe hawezi kutibiwa kwao, pawe na tumaini la kupona, jamaa zake wawe maskini, na akisha kutibiwa, arudi kwao.

Sharti hili la mwisho ndilo roho ya jambo lenyewe. Mtoto si mali ya mfadhili, wala si picha ya kutafutia sifa, ni amana. Na amana haitimii kwa kupokewa, hutimia kwa kurejeshwa.

Basi, ndugu msomaji, ukiletewa mchango wa mtoto kama huyo, toa. Kisha uliza: ni nani atakayekaa naye huko? Ni nani atakayemrudisha, na akirudi, dawa zake atazipata wapi? Tusipoyauliza hayo, tutakuwa tumezinunulia nafsi zetu raha, na mtoto tumemwacha njiani.