Hapana ya Deok-im

Mwaka 1766, katika kasri la Joseon, ufalme wa zamani wa Korea, Yi San, mjukuu na mrithi wa Mfalme Yeongjo, alimwambia msichana mmoja mtumishi wa kasri kwamba anamtaka. Yi San alikuwa na miaka 14, na binti huyo, Seong Deok-im, alikuwa mdogo wake kwa mwaka mmoja. Deok-im akalia, akakataa. Alisema mke halali wa mrithi bado hajapata mtoto, na yeye hathubutu kumtangulia. Ikapita miaka kama 15. Yi San akawa mfalme, yule ambaye historia inamwita Jeongjo. Akaomba tena, akakataliwa tena. Safari hii adhabu ilimwangukia mtumishi wa Deok-im, na hapo ndipo Deok-im akakubali.

Kisa hiki ndicho kilichozaa The Red Sleeve, tamthilia ya vipindi 17 iliyorushwa na kituo cha MBC cha Korea Kusini kuanzia Novemba 2021 hadi Januari 1, 2022, kutokana na riwaya ya Kang Mi-kang. Lee Se-young ni Deok-im, Lee Jun-ho ni Yi San. Watu wengi wameipenda kwa mahaba yake, na mahaba yapo kweli. Mimi imeniachia swali ambalo sijaweza kulitua: ndiyo ya mtu asiyeachiwa nafasi ya kusema hapana, ni ndiyo kweli?

Kiswahili kina maneno mawili ambayo tunayachanganya kila siku, hiari na ridhaa. Hiari hutangulia tendo. Njia mbili ziko wazi mbele yako, nawe unashika moja. Ridhaa ni utulivu wa moyo, nao unaweza kuja baadaye kabisa, hata pale ambapo njia ilikuwa moja tu tangu mwanzo. Mgonjwa huweza kuuridhia ugonjwa wake, lakini hakuuchagua. Nadhani ndiyo maana wahenga walisema hiari yashinda utumwa, wala hawakuitaja ridhaa. Walijua kwamba hata mtumwa huweza kuridhia, na kuridhia kwake hakumtoi utumwani.

Mtu anaweza kunipinga hapa kwa hoja nzito. Deok-im alikuwa na uhuru gani wa kuulinda? Wanawake wa kasri la Joseon waliingizwa humo wakiwa watoto. Hawakuruhusiwa kuolewa, kwa kuwa wote walihesabiwa kuwa wanawake wa mfalme, hata yule ambaye mfalme hakuwahi kumtazama usoni. Jina la tamthilia linatokana na ncha nyekundu za mikono ya mavazi yao, ambazo zilikuwa alama ya hali hiyo. Walitoka kasrini wakiugua, au bwana wao akifa, au wakati wa ukame, pale baadhi yao walipoachiliwa ili mbingu ilegeze hasira. Kama tayari ni mali ya mfalme, kwa nini akatae heshima? Baada ya kukubali alipewa daraja ya bin, ya juu kabisa miongoni mwa wake wadogo wa mfalme. Neno letu suria halimfai vizuri, maana kwetu limebeba historia ya utumwa, na Deok-im hakuwa mtumwa.

Jibu la tamthilia limenishawishi, kwa sababu linaanzia kwenye vitu vidogo. Mtumishi ana kazi, na kazi ina saa ya kwisha. Ana mashoga wa kucheka nao usiku, na ana hadithi anazonakili na kuzisoma kwa sauti. Mke mdogo wa mfalme hana saa ya kwisha. Kazi yake ni kungoja aitwe, na asipoitwa, kungoja kunaendelea. Uhuru wa Deok-im ulikuwa mdogo kama ua wa nyumba, lakini ndani ya ua huo alikuwa mwenyewe. Aliyekulia kwenye nafasi kubwa huenda asielewe jinsi mtu anavyoweza kupigania shubiri moja ya ardhi.

Tazama pia sababu aliyoitoa. Hakusema hataki. Alisema anamheshimu mke halali wa mrithi. Mwanamke wa kasri hakuwa na hapana nyingine ya kumpa mrithi wa kiti isipokuwa ile iliyovishwa nguo za utii. Hatutajua kamwe kilichokuwa chini ya nguo hizo, kwa kuwa aliyetusimulia ni mfalme mwenyewe, katika maandishi ya kaburi aliyomtungia Deok-im baada ya kufa. Aliyekataliwa ndiye shahidi wetu wa kukataliwa kwake. Nampa Jeongjo haki yake hapo: angeweza kulinyamazia jambo hilo, naye akaliandika.

Tena hakuwa mtu katili. Angekuwa katili, swali lingekuwa jepesi. Baba yake, Sado, alifungiwa ndani ya kasha la mchele kwa amri ya Mfalme Yeongjo mwaka 1762 na akafia humo. Yi San alijua tangu utotoni maana ya kuishi chini ya neno la mtu mmoja. Alipenda kwa dhati, akangoja miaka mingi. Lakini mwenye uwezo wa kuadhibu hata akipiga magoti, adhabu imesimama nyuma yake, naye hawezi kuifukuza kwa kupenda sana. Subira yake ilikuwa njema. Haikumpa Deok-im njia ya pili.

Mwaka 1786 mtoto wao wa kiume, Munhyo, alikufa kwa surua. Miezi michache baadaye Deok-im naye akafa, akiwa mjamzito. Katika tamthilia, akiwa kitandani, anaomba aitiwe mashoga zake kwanza, na mfalme anasimama pale akisikia. Kisha anamwomba kwamba wakikutana katika maisha mengine, ajifanye hamjui, ampite tu. Na mfalme anapouliza kama hakupendwa hata kidogo, anamjibu kwamba kubaki kando ya mfalme kulikuwa uamuzi wake mwenyewe. Sijaona tamthilia nyingine iliyoziweka hiari na ridhaa kinywani mwa mtu mmoja kwa uchungu kama huo. Ningependa ingeishia pale. Tamthilia ikaongeza makutano baada ya kifo cha mfalme, nadhani kwa kutuhurumia sisi watazamaji.

Mimi naamini Deok-im alimpenda mfalme. Naamini pia kwamba alidhulumiwa, na pendo lile halikuifuta dhuluma hiyo. Hikaya iliyonakiliwa mwaka 1773 na wanawake wa kasri, Deok-im akiwa mmoja wao, ipo hadi leo. Kurasa alizoandika zina mwandiko wake, na maneno yaliyomo ni ya mtunzi mwingine.